Msaragambo, Ngwe na Zamu: Kugawana Kazi za Uongozi katika Vyama vya Kiswahili

Utangulizi

Vyama vya kitaaluma vya Kiswahili huendeshwa kwa kujitolea. Mhadhiri husahihisha mitihani mchana, usiku akahariri makala ya jarida. Mwanafunzi huandika tasnifu huku akiandaa kongamano. Katika hali hii, mzigo wa uongozi aghalabu humwelemea mtu mmoja au wawili, na wanachama wengine wakabaki watazamaji. Makala haya yanachunguza chanzo cha hali hiyo na kupendekeza marekebisho kwa kutumia dhana tatu zilizomo katika msamiati wa Kiswahili chenyewe: msaragambo, ngwe na zamu.

Kiini cha Tatizo

Tuchukulie chama cha wanafunzi ambacho katibu wake ni mtu wa bidii. Yeye ndiye anayetunza orodha ya wanachama, anayejua neno la siri la baruapepe, anayefahamiana na mpigachapa na anayekumbuka ni nani waliowasilisha makala. Chama husifiwa. Mwaka unaofuata katibu huyo anahitimu, na toleo la jarida halitoki. Makala yapo, ila hakuna ajuaye yalikohifadhiwa. Mali bila daftari, wahenga walinena, huisha bila habari.

Wataalamu wamelijadili suala hili. Mwaka wa 1911, Robert Michels, aliyevichunguza vyama vya kisoshalisti vya Ulaya, hasa cha Ujerumani, alishikilia kwamba kila jumuiya huelekea kutawaliwa na wachache, kwani wachache hao hujilimbikizia ujuzi wa kuiendesha. Naye Jo Freeman wa Marekani, katika hotuba ya mwaka wa 1970 kuhusu vikundi vya wanawake, alionyesha kuwa kikundi kinachokataa vyeo hakikosi viongozi. Huwa na viongozi wa kichinichini, yaani marafiki wanaoamua mambo faraghani. Hivyo basi, kufuta vyeo hakutoshi, na kuviongeza hakutoshi. Kinachohitajika ni kazi kugawanywa waziwazi.

Msaragambo

Msaragambo ni kazi ya kujitolea inayofanywa na wanakijiji kwa pamoja. Watu hukusanyika kwa kuwa wameitwa, na huitwa kwa jambo linalojulikana. Mwenyekiti anayetangaza mkutanoni kwamba "anayetaka kusaidia ajitokeze" hajamwita mtu yeyote. Mwito wa kweli hutaja kazi, siku na mhusika. Aidha, mwito huo uwafikie wageni. Methali ya "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" ina funzo hapa: mwanachama wa mwaka wa kwanza asisubiri hadi mwaka wa nne ndipo akabidhiwe kazi.

Ngwe

Neno ngwe lina maana ya kamba, na pia kipande cha shamba kilichopimwa ili mtu akilime. Maana hizi mbili zinakamilishana: mipaka ikishapimwa, mkulima hujua aanzie wapi na aishie wapi. Vyama vingi hugawa mashamba mazima. Ukatibu, kwa mfano, ni shamba. Ndani yake mna ngwe kadhaa: kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunza sajili ya wanachama, kujibu barua, kuandaa mkutano mkuu na kutayarisha taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Vyama. Hizi mbili za mwisho ni matakwa ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108 ya Sheria za Kenya, kwa vyama vilivyosajiliwa chini yake. Mtu aliyeukimbia ukatibu anaweza kuikubali ngwe moja.

Hata hivyo, ngwe bila jembe ni adhabu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 187, inaelekeza kwamba jukumu likihamishwa kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine, rasilimali za kulitekeleza nazo zihamishwe. Kanuni hiyo inavifaa vyama pia. Mhariri aliyekabidhiwa jarida, lakini asiyeweza kuchagua hata rangi ya jalada bila idhini ya mwenyekiti, hajagawiwa uongozi. Ametumwa tu.

Zamu

Zamu ina mwisho, na ina anayefuata. Chama kinaweza kuizingatia kwa njia tatu. Kwanza, kila mwenye ngwe awe na mwenzake wa mwaka wa chini anayejifunza kazi hiyo. Pili, kila ngwe iandikiwe maelezo ya ukurasa mmoja: kazi hufanywa lini, vipi, na nyaraka ziko wapi. Tatu, nusu ya kamati ibadilishwe kila mwaka ili wazoefu wote wasiondoke kwa pamoja.

Pingamizi

Baadhi watakumbusha kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini methali hiyo inawaonya manahodha, mabaharia haikuwataja. Chomboni nahodha ni mmoja, na bado yuko serahangi, yuko mshika usukani, wako wanaotweka tanga na wanaofuta maji. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mwanagenzi hukosea na huchelewa. Hili halikanushiki, kazi ya mwaka wake wa kwanza huenda ikawa na dosari. Chama hakina budi kuigharimia dosari hiyo, kwani gharama ya kuikwepa ni kubwa zaidi.

Hitimisho

Kila kamati inaweza kujipima kwa swali moja: kiongozi huyu akikosekana kwa mwezi mzima, ni kazi zipi zitakazosimama? Kazi zitakazotajwa ndizo za kukatwa ngwe kwanza, tena mapema, kabla mtihani wa mwisho haujamwondoa anayezijua.