Vitamini B katika vinywaji vya nguvu: Soma kibandiko kabla ya kunywa

DEREVA aliyekesha, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani na bawabu wa zamu ya usiku aghalabu hukimbilia kinywaji cha kuongeza nguvu. Kwenye kopo husoma B3, B6 na B12, na kuamini kwamba hizo ndizo zitakazomwamsha. Je, ni kweli?

Vitamini B ziko nane, na hakuna hata moja iliyo na nguvu ndani yake. Kazi yake ni kuusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Anayezipata za kutosha katika mlo wake hachangamki zaidi kwa kuziongeza. Kinachomchangamsha ni kafeini, na sukari humpa nguvu za muda mfupi.

Viwanda huchaguaje?

Mtengenezaji haangalii manufaa ya mwili pekee. Hutazama pia rangi, ladha na muda ambao kinywaji kitakaa dukani. B2 hutia maji rangi ya manjano na huharibiwa na mwanga, kwa hivyo huhifadhika vyema zaidi katika kopo kuliko katika chupa inayopenya mwanga. B1 ina harufu kali na huharibiwa na salfaiti, dawa inayotumiwa kuhifadhi baadhi ya vinywaji. B12 yaweza kupungua ikichanganywa na vitamini C. Aina moja ya B3, asidi ya nikotiniki, ikiwa nyingi humfanya mtu ahisi joto na mwasho usoni; ndiyo sababu wengi hutumia nikotinamidi badala yake.

Hatari iko wapi?

Vitamini hizi huyeyuka katika maji, na ziada nyingi hutoka kwa mkojo. Hata hivyo, hiyo si ruhusa ya kunywa bila kipimo. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mtu akahisi ganzi na kuchomwachomwa miguuni na mikononi.

Mtu mzima asiyezidi miaka 50 huhitaji takriban miligramu 1.3 za B6 kwa siku. Mwaka wa 2023, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa watu wazima. Chukulia kwamba kopo moja lina miligramu 5. Makopo matatu ni miligramu 15, kabla hujahesabu vidonge vya vitamini unavyomeza nyumbani.

B9, yaani asidi ya foliki, ikizidi yaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kudhurika.

Yafaa kufanya nini?

Kwanza, soma kiasi kilichoandikwa na uangalie kama ni cha kopo zima au cha mililita 100. Pili, jumlisha kila unachotumia kwa siku. Tatu, tegemea chakula: maharagwe, ndengu, njugu, mayai, maziwa, samaki na maini. Hapa Kenya, tangu mwaka wa 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano uliopakiwa utiwe vitamini na madini.

Watoto na wajawazito waepuke vinywaji hivi kwa sababu ya kafeini.

Msomaji, uchovu usiokwisha kwa majuma kadhaa huenda ukawa dalili ya upungufu wa damu au kisukari. Ukiuficha kwa kopo kila asubuhi, unachelewesha tiba. Nenda ukapimwe.