Kupima Shinikizo la Damu: Kidole Kabla ya Sikio

Mwaka 1896 daktari wa Kiitalia, Scipione Riva-Rocci, alieleza namna ya kupima shinikizo la damu kwa kuufunga mkono mkanda unaojazwa hewa. Hewa ilipozidi, ateri ilibanwa hata mapigo ya kifundo cha mkono yakatoweka chini ya kidole. Kimo cha zebaki wakati huo ndicho kilichokuwa kipimo. Njia hiyo ilitoa shinikizo la juu tu. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff alitumia stetoskopu juu ya ateri, chini kidogo ya mkanda. Hewa ikipunguzwa, damu hupenya na sauti ya kugonga husikika: hilo ni shinikizo la juu. Sauti zinapokoma kabisa, hilo ni la chini.

Wengi hudhani kwamba sikio limeondoa haja ya kidole. Sivyo. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee wenye shinikizo kubwa, sauti husikika, hupotea kwa kitambo, kisha hurejea. Tuchukue mgonjwa ambaye sauti zake huanza kwenye milimita 190 za zebaki, hupotea kwenye 170 na kurejea kwenye 150. Mpimaji aliyeishia 160 atakuta kimya, atadhani amekwisha kupita kilele, naye ataandika 150. Mgonjwa aliye hatarini huenda akarudishwa nyumbani.

Mapigo ya kifundo, lakini, hayapotei katika kimya hicho. Kwa hiyo jaza mkanda huku kidole kikiwa juu ya mapigo, ukumbuke yalipotoweka, kisha uitoe hewa yote. Baada ya nusu dakika jaza tena, upite hapo kwa milimita 30, ndipo usikilize, ukishuka milimita 2 kwa sekunde. Nikiwa mwanafunzi ng'ambo niliiona hatua hii kuwa ya kupoteza wakati, hadi mwalimu wangu alipokishika kidole changu na kukiweka juu ya kifundo cha mgonjwa.

Mgonjwa akae dakika 5 bila kuzungumza, ameegemea, na mkanda uenee mkono wake; mkanda mdogo huzidisha kipimo. Mkono nao uwe usawa wa moyo. Hapa mwalimu wa fizikia ana somo zuri: zebaki ni nzito kuliko damu takriban mara 13, basi mkono ukishushwa sentimita 10 chini ya moyo, kipimo hupanda kwa milimita zipatazo 8. Wanafunzi wakokotoe kwanza, kisha wapimane wakisimamiwa na mwuguzi.