SOMO LA FAMILIA: NYOTA TUSIZOZIONA

Masomo: Ayubu 38:31-33, Zaburi 147:2-4

Kambi yetu haina taa nyingi za umeme, kwa hiyo usiku nyota tunaziona vizuri kuliko watu wa mjini. Miezi ya Desemba na Januari, saa tatu usiku, tazameni juu kuelekea kaskazini. Mtaona kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana. Ndicho Kilimia, ambacho wazee walikitazama ili kujua majira ya kulima. Kitabu cha Ayubu nacho kinakitaja.

1. Jicho halimalizi hesabu

Kwa macho matupu wengi wetu tunahesabu nyota sita au saba katika Kilimia. Mwaka 1610 Galileo wa Italia alichapisha mchoro wa alichokiona kwa darubini yake ndogo: nyota 36. Leo wataalamu wamehesabu zaidi ya 1,000 katika kikundi hicho hicho. Si kwamba nyota zimeongezeka. Zilikuwepo, ila jicho halikuzifikia.

2. Mahali palipodhaniwa patupu

Mwaka 1990 darubini iitwayo Hubble ilipelekwa juu kuizunguka dunia. Desemba 1995, kwa siku kumi mfululizo, ilielekezwa kwenye sehemu moja ya anga iliyoonekana karibu haina kitu. Sehemu hiyo ilikuwa ndogo kama punje ya mchanga ukiishika kwa mkono ulionyooshwa. Wako wataalamu waliohofu kwamba muda utapotea bure. Zikapigwa picha 342. Zilipounganishwa, zilionekana galaksi zipatazo 3,000, na galaksi moja ni mkusanyiko wa nyota mamilioni, hata mabilioni.

3. Neno hili linatuhusu

Siku ya uhakiki familia husimama foleni tangu alfajiri zikisubiri majina yasomwe. Jina lisiposomwa, mama hurudi nyumbani bila mgao, tena na swali moyoni: je, mimi nahesabiwa na nani?

Zaburi ya 147 inaweka mambo matatu pamoja, mstari baada ya mstari. Mungu huwarudisha pamoja watu waliofukuzwa kwao. Huwatibu wenye moyo uliovunjika. Naye anajua nyota ni ngapi, na kila moja ina jina mbele zake. Aliyeimba maneno hayo hakuwa na darubini. Lakini alimjua Yeye ambaye hesabu yake haipitwi na kitu.

Basi, jina likikosekana kwenye orodha, tulifuatilie bila kuchoka, maana ni haki yetu. Ila tusikubali karatasi ituambie kwamba hatupo.

Na sisi kanisa tujifunze kutazama kwa muda mrefu. Tukipita mbio kwenye nyumba ya mjane, au ya kijana anayeishi peke yake, tutasema hapo hamna shida. Tukikaa, tutaona mengi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kilimia kinaitwaje katika lugha ya kwetu? Watoto wahesabu nyota zake, kila mmoja aseme idadi aliyoipata.
2. Ni jirani gani ambaye hatujamtazama vya kutosha? Nani ataenda kuketi naye juma hili?