Somo: Taarifa za Uongozi Katika Chama cha Msingi



Mfumo wa taarifa za uongozi ni jina refu la jambo ambalo kila chama hulifanya, kwa uzuri au kwa ubaya, tangu siku kilipoandikishwa. Mwanachama huleta kahawa yake, karani huipima na kuiandika, meneja hujumlisha, halmashauri huamua, na mkutano mkuu huuliza. Safari hiyo ya kilo moja, kutoka kwenye mizani hadi kwenye uamuzi, ndiyo mfumo wenyewe. Kalamu, leja na kompyuta ni vyombo vya safari tu.

Somo hili lina haraka yake. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, imeleta mfumo wa kielektroniki uitwao MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Viongozi wengi, kuanzia vyama vya kahawa vya miteremko ya Meru hadi vyama vya akiba na mikopo vya huku Olasiti, wananiambia kwamba sasa mambo yamenyooka, kwa kuwa mashine haidanganyi. Usemi huo unafaa kuchunguzwa, maana nchi yetu imekwisha kuulipia mara moja.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi ya hesabu za Serikali. Mashine ilikuwa nzima. Lakini waliojua kuiendesha walikuwa wachache, na wengi wao wageni wa mikataba. Watumishi wa hesabu hawakuandaliwa vya kutosha, na utaratibu wa zamani wa kuhakiki hati uliachwa kabla ule mpya haujasimama. Hesabu zikavurugika hata ikabidi kurudi kwenye kazi ya mikono, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa baadaye. Kwa maoni yangu, lililoshindwa pale halikuwa chuma. Walioshindwa ni wale waliodhani kwamba kununua chombo ni sawa na kupanga kazi.

Wataalamu wa fani hii hutazama mfumo kwa pande tatu: upande wa ufundi, upande wa mpango wa kazi, na upande wa watu. Wa ufundi si mgumu kuueleza: umeme, mtandao, mashine, programu, na nakala ya akiba inayotunzwa mahali pengine. Una gharama, lakini fundi hupatikana. Pande mbili zilizobaki ndizo zinazoumiza vyama, na hazipatikani dukani.

Nitoe mfano wa chama kimoja cha kahawa nilichokikagua, ambacho sitakitaja. Kilipohamisha leja yake kwenye kompyuta, kilimwita kijana hodari kutoka mjini na kumpa siku chache. Programu ilitaka kila mwanachama awe na namba moja na jina moja. Sasa, katika Meru ukiita Pallangyo, Mbise au Kaaya utaitikiwa na nusu ya mkutano. Karani wa zamani alijua kuwatofautisha kwa kitongoji na kwa jina la babu. Tena, kando ya jina la mzee mwenye namba, karani huyo alikuwa akiandika kwa penseli kilo za mkewe na za mwanawe aliyeoa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na miche yake. Programu haikuwa na nafasi ya penseli. Karani naye hakuulizwa, kwa sababu alihesabiwa kuwa mtu asiyejua mashine.

Malipo yalipotoka, yote yaliingia katika akaunti za wazee. Mama mmoja alikuja mbele ya halmashauri na stakabadhi zake zimefungwa kwenye pindo la kanga. Kila moja ilikuwa sahihi, na kila moja ililingana na daftari la mizani. Katika kompyuta, mama huyo hakuwapo. Hakuna shilingi iliyoibwa, wala jumla ya kilo za chama haikupungua hata moja. Ndiyo maana mizania ilikuwa safi huku watu wakilala na njaa. Ilibidi karani mzee aitwe, daftari la mizani lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama kwa siku mbili, na kila mwenye miche apewe namba yake mwenyewe.

Huo ndio upande wa mpango wa kazi na upande wa watu kwa pamoja. Mtu aliyeogopa kupoteza kazi hakusema alilolijua, na aliyepewa kazi hakujua la kuuliza. Ningeweza kuongeza habari ya vyama ambavyo neno la siri la mwenyekiti limebandikwa ukutani karibu na kalenda, ili yeyote aliye karibu aidhinishe malipo kwa niaba yake, lakini hilo linastahili somo lake.

Tatizo la namna hii si la ushirika peke yake. Zanzibar, katika idara ya afya, viongozi hawakuziamini takwimu zilizotoka vituoni, kwa hiyo kila mradi ukaanzisha fomu zake, na muuguzi mmoja akajaza mambo yale yale mara nyingi. Wizara ya Afya ilipouimarisha mfumo wake, haikutosheka na programu, ingawa programu nzuri ilikuwapo, ile iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo. Iliweka warsha kila miezi mitatu. Watumishi wa wilaya walisimama wao wenyewe kueleza takwimu zao, na wenzao wa wilaya nyingine wakawahoji: mbona namba hii imepanda ghafla, mbona hii ni kubwa kuliko idadi ya watoto mlio nao? Mwaka hadi mwaka takwimu zikawa bora, na fomu zisizokuwa na kazi zikaondolewa. Anayejua kwamba namba yake itasomwa na kuulizwa huiandika kwa namna nyingine.

Sioni kwa nini vyama vyetu vishindwe kufanya hivyo. Makarani wa vyama vitatu au vinne vya jirani wanaweza kukutana kila robo mwaka, kila mmoja na daftari lake la mizani na karatasi iliyotolewa na kompyuta, wakaoanisha mistari ishirini iliyochaguliwa bila mpango. Posho yake ni nauli na chai. Kwa vyama vya akiba na mikopo, mahali pa daftari la mizani pashikwe na vitabu vya wanachama: viitwe, vilinganishwe na leja ya kompyuta, mwenye kitabu akiwapo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Katika chama chenu, ni nani huandika mara ya kwanza kilo au fedha za mwanachama, na ni nani mwingine huyaona maandishi hayo kabla hayajaingia katika kompyuta?

2. Ni mambo gani yamo katika kichwa cha karani wenu tu, wala hayamo katika daftari lolote?

3. Je, wapo watu wanaoleta mazao au akiba kwa namba ya mtu mwingine? Waorodhesheni kabla ya msimu kuanza.

4. Taarifa ya mwezi uliopita ilipofika kwa halmashauri, ni uamuzi gani ulitokana nayo? Kama haupo, nani alisoma taarifa hiyo?