Kufundisha "A", "An" na "The" kwa Wanafunzi Wasemao Kiswahili

Utangulizi

Hakuna neno la Kiingereza litumikalo mara nyingi kuliko "the", na wenzake "a" na "an" hawako nyuma sana. Hata hivyo, mwalimu asahihishapo madaftari ya darasa la sita au la saba huona vineno hivi vimeachwa mahali vinapohitajiwa, na vimetiwa mahali visipotakiwa. Mwanafunzi huandika "My father is farmer". Mstari ufuatao huandika "We went to the Dodoma". Mwalimu hutia alama nyekundu, mwanafunzi hunakili sahihisho, na juma lijalo kosa lile lile hurudi.

Wako walimu waonao kuwa kosa hili ni dogo, kwa sababu maana haipotei. Ni kweli kwamba kila msomaji ataelewa "My father is farmer". Lakini tuyatazame maagizo ya mitihani. "Choose the correct answer" humwambia mtahiniwa kwamba jibu sahihi ni moja tu. "Choose a correct answer" humwambia kwamba huenda majibu sahihi ni kadhaa, naye achague mojawapo. Vivyo hivyo, "Give the reason" si sawa na "Give a reason". Katika sayansi, kitabu kikisema "Take a bottle", kisha kikasema "Fill the bottle with water", mwanafunzi apaswa kutambua kwamba chupa ni ile ile aliyokwisha kuichukua. Mtoto wa Tanzania asomaye shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia shule ya sekondari ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, atakutana na maagizo ya namna hii kila siku. Kwa hiyo jambo hili si la urembo wa lugha tu.

Makala haya yataviita vineno hivyo vibainishi. Shabaha yake ni kuwaonyesha walimu wanafunzi kwamba mtoto asemaye Kiswahili tayari anayo fikra iliyomo ndani ya vibainishi. Asichonacho ni mazoea ya kuidhihirisha kila atajapo kitu. Tukianzia kwenye lile alijualo, kazi yetu itakuwa nyepesi.

1. Kiswahili hufanyaje?

Hudhaniwa kwamba, kwa kuwa Kiswahili hakina vibainishi, Mswahili hatofautishi kitu kijulikanacho na kisichojulikana. Dhana hii si sahihi. Tumsikilize msimulizi wa hadithi: "Hapo kale paliondokea mzee mmoja. Mzee yule alikuwa na binti." Amtajapo mzee kwa mara ya kwanza husema "mmoja", amtajapo tena husema "yule". Kwa Kiingereza tungesema: "Once there was an old man. The old man had a daughter." Mpango ni ule ule. Hata asili ya vibainishi vyenyewe yafanana na jambo hili, kwani "a" na "an" vimetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya "moja", na "the" imetokana na kionyeshi, ndugu wa "that".

Njia ya pili ya Kiswahili ni kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Asemaye "Nimenunua kitabu" atoa habari ya kitabu ambacho msikilizaji hakukitazamia. Asemaye "Nimekinunua kitabu" azungumzia kitabu ambacho wote wawili wakijua. Tofauti hii ndiyo iliyopo baina ya "I have bought a book" na "I have bought the book". Lakini mwalimu achague mifano ya vitu visivyo na uhai, kwa kuwa penye watu na wanyama kiambishi hiki hutumika kwa kawaida, hata mtu asipojulikana.

Tofauti kubwa ya lugha hizi mbili ni hii: katika Kiswahili dalili hizo ni za hiari, katika Kiingereza ni za lazima. Twaweza kusema "Mtoto analia" na kumwachia msikilizaji atambue kutokana na mazingira ni mtoto gani. Kiingereza hakimruhusu msemaji kunyamaza hivyo. Hana budi kuchagua "a child" au "the child".

Ndiyo maana haifai kufundisha kwamba "the" ni "yule" na "a" ni "mmoja", kana kwamba maneno hayo yalingana kila mahali. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo atatia "the" pale tu ambapo angesema "yule". Lakini sisi husema "Funga mlango" bila ya "ule", ilhali Kiingereza hudai "Close the door". Mfano wa msimulizi ni mlango wa kuingilia katika somo. Usiwe kanuni ya kutafsiria.

2. Maswali mawili ya kujiuliza

Vitabu vya sarufi huorodhesha kanuni nyingi za vibainishi, na mtoto hawezi kuzikumbuka zote aandikapo. Yafaa kumzoeza maswali mawili tu, tena kwa mpango huu:

(a) Je, anisikilizaye ajua ni kipi nikisemacho? Ikiwa ajua, tumia "the", kiwe kimoja au vingi, chahesabika au hakihesabiki: "the book", "the books", "the water".

(b) Ikiwa hajui, je, ni kitu kimoja kihesabikacho? Ikiwa ndivyo, tumia "a" au "an": "a book", "an egg". Ikiwa ni vingi, au hakihesabiki, usitie kibainishi: "I like books", "I drink water".

Msikilizaji aweza kujua kwa njia tatu. Yawezekana kitu kilikwisha kutajwa, kama yule mzee wa hadithi. Yawezekana kitu ni kimoja tu mahali pale, kama "the blackboard" au "the sun". Au maneno yenyewe yamekibainisha, kama vile "the book on my table". Darasa ni mahali pazuri pa kuionyesha njia ya pili. Ikiwa darasa lina mlango mmoja na madirisha sita, mwalimu husema "Open the door", lakini husema "Open a window". Wanafunzi wakitenda maagizo hayo wataona kwa macho yao sababu ya tofauti.

Swali la pili ndilo liondoalo kosa la "My father is farmer". Baba ni mtu mmoja na wakulima huhesabika. Basi "a farmer". Kiswahili husema tu "Baba ni mkulima", na hapo ndipo kibainishi husahauliwa zaidi.

3. Chaki, mkate na sabuni

Shida nyingine ni kwamba lugha hizi hazihesabu vitu kwa namna moja. Mswahili husema "chaki moja", "mikate miwili" na "sabuni tatu". Kwa hiyo mtoto huandika "a chalk" na "two breads". Katika Kiingereza vitu hivi huchukuliwa kama maji au mchanga, havihesabiki mpaka vitajiwe kipimo: "a piece of chalk", "a loaf of bread", "a bar of soap", "a sheet of paper". Ndivyo yalivyo pia maneno "news", "advice", "furniture" na "luggage". Hayapokei "a" kamwe.

Mwalimu asiyafundishe maneno hayo kama orodha ya kukariri. Afadhali aanzishe duka dogo darasani, wanafunzi wanunue na kuuza: "I want a bar of soap, please." Mtoto aliyekwisha kununua sabuni mara kumi hatahitaji kanuni.

4. "A" au "an": tusikilize, tusitazame

Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba "an" hutangulia herufi a, e, i, o na u. Kanuni hii hupotosha. Kinachoamua ni sauti, si herufi. Twasema "an umbrella", lakini "a uniform", kwa kuwa "uniform" huanza kwa sauti ya y, kama neno "yungiyungi". Twasema "a house", lakini "an hour", kwa sababu herufi h ya "hour" haitamkwi.

Hapa tena Kiswahili chaweza kutusaidia. Kiambishi "ki-" cha "kitabu" huwa "ch-" katika "chumba" na "chakula", na "m-" ya "mtoto" huwa "mw-" katika "mwalimu". Mtoto hakufundishwa jambo hilo kwa kanuni. Sikio lake lilizoea kwamba kiambishi hubadilika kikutanapo na irabu. Kwa hiyo zoezi la kwanza la "a" na "an" liwe la kusema na kusikiliza, vitabu vikiwa vimefungwa.

Kuhusu "the", mwalimu aizuie matamshi ya "za" na "zi". Sauti ya mwanzo ni ile ile ya "dhahabu" na "dhambi". Mbele ya konsonanti irabu yake hutamkwa kwa kulegezwa. Mbele ya irabu hukaribia "dhi", kama katika "the egg".

5. Majina ya mahali

Kosa la "the Dodoma" hutokea mwanafunzi adhanipo kwamba kila kijulikanacho lazima kipate "the". Jina la pekee la mtu au la mji latosha lenyewe kumjulisha msikilizaji. Zana bora hapa ni ramani ya Afrika ya Mashariki. Upande mmoja wa ubao yaandikwe majina yasiyopokea kibainishi: Tanzania, Kenya, Mombasa, Pemba, Lake Victoria, Mount Kilimanjaro. Upande wa pili yaandikwe yapokeayo: the Indian Ocean, the Rufiji, the Usambara Mountains, the Comoros, the United Republic of Tanzania. Kisha wanafunzi waulizwe waonalo. Wataona wenyewe kwamba miji, maziwa, mlima mmoja mmoja, kisiwa kimoja kimoja na nchi nyingi hazina "the". Bali bahari, mito, safu za milima, mafungu ya visiwa na majina ya nchi yenye neno kama "Republic" huwa nayo.

6. Andalio la kipindi kimoja

Darasa: la tano. Muda: dakika 40. Zana: mfuko wenye yai, kalamu, chungwa na mwavuli; vitabu vitatu vya rangi mbalimbali.

Hatua ya kwanza (dakika 8). Mwalimu atoe vitu mfukoni kimoja kimoja na kusema: "This is an egg. The egg is white." Wanafunzi waigize kwa vitu vingine.

Hatua ya pili (dakika 12). Vitabu vitatu viwekwe mezani. Mwalimu aseme "Give me a book". Mwanafunzi achukue cho chote. Aseme "Give me the red book". Achukue kimoja tu. Kisha aseme kwa makusudi "Give me the book". Mwanafunzi mwelewa atasita. Afundishwe kuuliza "Which book?" Hatua hii ndiyo kiini cha somo, kwa maana aulizaye hivyo amekwisha kufahamu kazi ya "the". Baadaye wanafunzi waamrishane wenyewe, wawili wawili.

Hatua ya tatu (dakika 12). Mwalimu aandike ubaoni hadithi yenye mapengo, nayo ijazwe kwa mdomo:

"___ farmer had ___ goat and ___ ox. ___ goat was white and ___ ox was black. One day ___ goat ate ___ salt."

Kwa kila pengo mwanafunzi aeleze sababu kwa kutumia yale maswali mawili. Pengo la mwisho halihitaji kibainishi, na yafaa darasa ligundue hivyo lenyewe.

Hatua ya nne (dakika 8). Kila mwanafunzi aandike sentensi nne juu ya mnyama mmoja wa nyumbani.

7. Kusahihisha madaftari

Daftari lililojaa wino mwekundu humvunja moyo mtoto wala halimfundishi. Yafaa mwalimu achague aina moja ya kosa kwa juma moja, na kuliacha lingine kwa wakati wake. Penye kosa la "the" aandike pembeni "Which?", penye "a" iliyoachwa aandike "One?". Kisha mwanafunzi alitafute sahihisho mwenyewe. Tofauti zilizo ngumu zaidi, kama ile ya "go to school" kwa mwanafunzi aendaye kusoma na "go to the school" kwa mzazi aendaye kumwona mwalimu mkuu, ziahirishwe hadi misingi iwe imara.

Hitimisho

Vibainishi havijifunzwi kwa siku moja wala kwa kanuni peke yake. Hujengeka kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, yenye maana halisi mbele ya macho ya mtoto. Mwalimu afahamuye jinsi Kiswahili kitofautishavyo kijulikanacho na kisichojulikana anayo silaha ambayo haimo katika kitabu cha sarufi kilichoandikiwa wanafunzi wa nchi nyingine. Ni wajibu wetu kuitumia.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kusanya sentensi kumi zenye makosa ya vibainishi kutoka katika madaftari ya darasa unalofanyia mazoezi ya kufundisha. Zigawe katika mafungu: kibainishi kilichoachwa, kilichozidi, na kilichobadilishwa.

2. Tunga maagizo sita ya kutendwa darasani, matatu yatumie "a" au "an", na matatu "the".

3. Eleza kwa nini "Nimemwona mtoto" si mfano mzuri wa kufundishia tofauti ya "a child" na "the child".