Kijana Atokaye Makaoni na Masomo ya Chuo

Mwezi huu twataka kujifunza habari za kijana aliyelelewa katika makao ya watoto, au kwa walezi wasio jamaa zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu asiyetimiza miaka 18. Akiisha kuitimiza hahesabiwi tena kuwa mtoto, naye pengine angali shuleni. Mwana wetu sisi hatumtoi nyumbani kwa umri huo. Twamwita mtoto hata akiota ndevu.

Wengi wadhani shida yake ni ada tu. Kwa ada msaada upo: Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wanafunzi wahitaji wa vyuo vikuu, na yatima wamo. Lakini mwombaji hutakiwa cheti cha kuzaliwa na mdhamini, na yatima huongeza vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Aliyeokotwa njiani hali mchanga atavipata wapi? Yafaa walezi wamwendee afisa wa ustawi wa jamii mapema, kijana akali sekondari, wasingoje mwezi wa kuomba.

Tena kuna habari ya kitanda. Chuo kikifungwa, wenzake hupanda mabasi kwenda kwao. Yeye kwao ni wapi? Hapa Kibamba vyumba vya kupanga vipo, lakini wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6, au ya mwaka mzima, kwa mara moja.

Jambo hili si geni kwa Walutheri. August Hermann Francke, mchungaji wa Halle katika Ujerumani, aliyeanza kujenga nyumba kubwa ya yatima mwaka 1698, aliwapa wanafunzi maskini wa chuo kikuu chakula bure, nao wakafundisha katika shule zake. Zaidi ya miaka 100 baadaye mwanafunzi mmoja, Georg Müller, alikaa miezi miwili katika nyumba ile pasipo kulipa. Mwaka 1836 yeye mwenyewe alifungua nyumba ya yatima huko Bristol, Uingereza.

Nasi tunavyo vyumba vya uani vilivyojaa magunia na baiskeli mbovu. Kijana akipewa kimoja, pamoja na ufunguo wake, ana mahali pa kurudi wakati wa likizo. Na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akiombwa barua ya utambulisho, ajua amwandikie kuwa mkazi wa wapi.