Mgeni Anayeuliza Habari za Dini

Nchini Indonesia kuna kisiwa kiitwacho Jawa. Wengi wa watu wake ni Waislamu. Mwaka 1953 mtafiti kutoka Marekani, Clifford Geertz, alifika katika mji mdogo wa Pare, mashariki ya kisiwa hicho. Alikuwa pamoja na mkewe, Hildred. Alitaka kujua watu wa pale wanaishije na dini yao.

Hawakukimbilia kuuliza maswali. Kwanza walijifunza lugha. Kisha wakakaa nyumbani kwa familia ya mfanyakazi wa reli. Walihudhuria karamu za slametan. Katika karamu hizo majirani huketi pamoja, huomba dua, halafu hula.

Geertz aliona kwamba jina la dini peke yake halitoshi kumweleza mtu. Wako walioshika sana sala na saumu. Hao waliitwa santri. Wako Waislamu waliofuata zaidi mila za wazee. Hao waliitwa abangan. Kundi la tatu, priyayi, lilikuwa la mabwana na maofisa. Baadaye wasomi wa Indonesia walimsahihisha. Walisema kuwa priyayi ni cheo, si namna ya dini. Basi hata mtafiti hodari hukosea. Wenyeji ndio wanaojua.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Ndani yake mji wa Pare umepewa jina la kubuni, Modjokuto. Je, kuficha jina kuna faida gani?

Fikiri haya. Mwaka 1965 na 1966 kulikuwa na mauaji makubwa Indonesia. Watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti waliuawa. Wanakadiriwa kuwa 500,000 au zaidi. Jawa Mashariki iliumia sana, na wengi waliouawa huko walikuwa abangan. Kitabu hakikuleta mauaji hayo. Lakini tunajifunza kwamba jambo lililosemwa wakati wa amani laweza kuwa hatari wakati wa fujo. Kwa hiyo mtafiti mwema hutunza siri za watu.

Siku moja mtafiti aweza kufika kijijini kwako. Mkaribishe, lakini fanya haya:

1. Mwulize kibali chake. Tanzania, mtafiti wa kutoka nje hupewa kibali na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Serikali ya kijiji ikione.
2. Mwulize anatafuta nini, na majibu yako yatatumikaje.
3. Mwulize kama jina lako litaandikwa.
4. Usiseme siri za jirani yako.
5. Kama hutaki kujibu, kataa kwa heshima. Hiyo ni haki yako.

Zamani ulitia dole gumba tu. Sasa unajua kusoma. Soma karatasi yote kwanza, ndipo utie sahihi.

Maswali
1. Geertz na mkewe walifanya nini kabla ya kuuliza maswali?
2. Wasomi wa Indonesia walimsahihisha katika jambo gani?
3. Je, ungependa jina lako liandikwe? Zungumzeni darasani.